Nani Analipa Mchango wa Mwajiri? Stahiki za Watumishi katika Bajeti ya Chuo Kikuu

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya wahasibu, maofisa mipango na waratibu wa utafiti wa vyuo vikuu

Ndugu washiriki, nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi waratibu wa utafiti, kwa sababu najua kuwa mtafiti anapoitwa kwenye kikao cha wahasibu huja akiwa na shaka kwamba kuna kitu anakwenda kunyimwa. Leo hamtanyimwa kitu. Nitawaomba tu muongeze mstari mmoja, wa gharama za mwajiri juu ya mshahara, katika bajeti za maandiko yenu ya miradi, na nitatumia muda wote niliopewa kueleza kwa nini mstari huo, ukikosekana, hulipwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Tuanze na hati ya mshahara. Mtumishi wa chuo cha umma akiifungua, macho yake hukimbilia makato: asilimia 5 ya mshahara wa msingi imekwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 3 imekwenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kodi imekatwa, na kama alisoma kwa mkopo, asilimia 15 imechukuliwa na Bodi ya Mikopo. Yote hayo yametoka katika mshahara wake, na kwa chuo si gharama mpya, kwa kuwa yamo ndani ya kiasi ambacho chuo kilikwisha kuahidi kumlipa. Gharama mpya ni ile ambayo mtumishi haihesabu: asilimia 15 anayochangia mwajiri PSSSF, asilimia 3 ya mwajiri katika bima ya afya, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo hutozwa kwa mwajiri peke yake. Jumla ni asilimia 18.5. Katika chuo binafsi kinachochangia NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, ambako kiwango cha asilimia 20 kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu, hesabu itabadilika, ila kanuni ni ileile.

Katika ofisi zetu tumezoea kuyaita mambo haya yote "marupurupu", na naamini jina hilo ndilo lililotuharibia bajeti. Ukisikia marupurupu unafikiria kitu cha pembeni, kitu ambacho mwaka ukiwa mgumu kinaweza kupunguzwa, kama chai ya kikao. Mchango wa pensheni haupunguziki. Ni deni la kisheria linaloiva kila mwezi, na ukicheleweshwa unavuta tozo ya adhabu. Kwa hiyo nitasema "stahiki", nikimaanisha kila ambacho mwajiri analazimika kukilipa juu ya mshahara kwa sababu tu amemwajiri mtu.

Miaka michache iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, lilipita mezani kwangu andiko la utafiti wa maji ya chini ya ardhi. Lilikuwa andiko zuri. Lilihitaji watafiti wasaidizi wawili kwa miaka mitatu, kila mmoja kwa mshahara wa shilingi 1,800,000 kwa mwezi, na mwandishi alizidisha kwa uangalifu: watu wawili, miezi 36, shilingi 129,600,000. Nikatia saini. Mfadhili akakubali, fedha zikaingia, vijana wakaajiriwa na kuandikishwa PSSSF kama inavyotakiwa. Mwezi wa kwanza mhasibu wa mishahara akaja na karatasi mkononi akauliza, "Mzee, hii laki sita na sitini na sita ya michango naitoa kasma gani?" Mradi haukuwa na kasma hiyo, yaani mstari wa bajeti wa kutolea michango. Mfadhili, tulipomwandikia, alijibu kwa adabu kwamba bajeti ilikwisha kufungwa na kwamba alilipa kila kilichoombwa, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Kwa miezi 36 shilingi 666,000 zilitoka katika mapato ya ndani, na hasa katika fungu la ukarabati wa mabweni. Jumla yake ni shilingi 23,976,000. Mapato ya ndani ya chuo, kama mnavyojua, kwa sehemu kubwa ni ada. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Shahada ya Elimu aliyekuwa akilala katika chumba chenye dirisha bovu, huku upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane ukimwingizia vumbi kitandani, ndiye aliyekuwa akichangia pensheni ya watafiti wa mradi ambao mfadhili wake alikuwa na uwezo, na pengine na nia, ya kuilipia. Hakuna aliyeiba. Wakaguzi hawakuona kosa lolote, kwa kuwa michango ililipwa kwa wakati na risiti zilikuwepo. Kosa lilikuwa katika andiko, na saini iliyokuwa chini yake ilikuwa yangu.

Mnaweza kusema dawa ni rahisi: kila andiko lihesabu asilimia 18.5 na mambo yaishe. Ingekuwa hivyo kama stahiki zote zingekuwa michango ya asilimia. Lakini chuo hulipa pia nauli ya likizo kwa mtumishi na familia yake, gharama za kumsafirisha na mizigo yake anapostaafu, gharama za mazishi, likizo ya ugonjwa ambayo sheria ya kazi ya 2004 inaifikisha siku 126, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa mshahara nusu, na likizo ya uzazi ya siku 84, ambayo huwa 100 mama akijifungua mapacha. Nyingi kati ya hizi hazifuati mshahara. Nauli ya familia ya watu watano kutoka Dodoma kwenda Kondoa na ile ya kwenda Kigoma hazilingani hata kidogo, ingawa watumishi wenyewe wanaweza kuwa na ngazi moja ya mshahara. Ukimtoza kila mradi gharama halisi za mtu wake, mtafiti mkuu atajifunza haraka sana kuajiri kijana asiye na mke, asiye na watoto, ambaye kwao ni Chamwino, na hilo ni jambo ambalo chuo hakipaswi kulifundisha.

Vyuo vikuu vya Marekani vilikutana na tatizo hili zamani, na njia yao kuu ni ya kuchanganya gharama pamoja. Gharama zote za stahiki za mwaka zinakusanywa katika chungu kimoja, kisha zinagawanywa kwa jumla ya mishahara, na asilimia inayopatikana hutozwa kwa kila shilingi ya mshahara, popote unapolipwa. Tuseme chuo kina mishahara ya shilingi bilioni 20 na stahiki za bilioni 4.6: kiwango ni asilimia 23. Mradi unatozwa 23 iwe mtumishi wake kwao ni Kondoa au Kigoma, awe mzima au awe kitandani. Kwa kuwa fedha nyingi za utafiti kule hutoka serikali kuu, viwango hivi hupelekwa kwa wakala wa serikali aliyepewa dhamana ya chuo husika, mara nyingi wizara ya afya, ili avipitie na kuvikubali kwa mujibu wa kanuni za gharama zilizounganishwa kuwa mwongozo mmoja na kuanza kutumika Desemba 2014.

Sehemu ya mfumo wao ninayoiheshimu zaidi ni ya mwisho wa mwaka. Kiwango kilikuwa makadirio, na makadirio hukosea. Kama stahiki halisi zilifika bilioni 4.8, chungu kimepungukiwa milioni 200, na upungufu huo hausamehewi wala haufichwi: unapelekwa mbele na kuongezwa katika kiwango cha mwaka unaofuata au wa baada yake, ambao kwa mishahara ileile utapanda kwa pointi moja. Ziada nayo hurudishwa kwa njia hiyohiyo, kwa kushusha kiwango. Sisi ziada tukiipata huwa tunaipa kazi nyingine kabla ya tarehe 30 Juni, na upungufu tunauita changamoto.

Hata hivyo njia hii haiigwi kama ilivyo. Kule chungu kimoja kilionekana kuwa na dhuluma, kwa sababu bima ya afya ya mwajiri kwao hugharimu kiasi kinachokaribiana kwa profesa na kwa mfagizi, kwa hiyo ukiigeuza asilimia inakuwa ndogo kwa mmoja na kubwa mno kwa mwingine. Ndiyo maana vyuo vingi huweka viwango tofauti: wahadhiri, watumishi waendeshaji, watumishi wa muda, na wanafunzi wanaofanya kazi. Kwetu bima ya afya ya mtumishi wa umma inakwenda kwa asilimia, na dhuluma hiyo ni ndogo. Dhuluma yetu inakaa kwa wahadhiri wa muda. Programu ya jioni inayomlipa mhadhiri kwa saa, bila pensheni, bila bima, bila nauli, ikitozwa asilimia 23 inalipia kitu ambacho mtu wake hakipati. Hao wawe na kiwango chao, hata kama ni cha chini kabisa.

Na kuna Hazina. Mhadhiri wa kudumu wa chuo cha umma hulipwa mshahara na Serikali, pamoja na mchango wa mwajiri. Mradi ukinunua sehemu ya muda wake na ukatozwa stahiki juu ya sehemu hiyo, chuo kimepokea mara mbili kwa kitu kilekile, isipokuwa kama fedha hizo zina njia iliyoandikwa ya kufidia kazi aliyoiacha. Vivyo hivyo kwa gharama za uendeshaji: kama asilimia ya uendeshaji mnayomtoza mfadhili tayari ina stahiki ndani yake, msizitoze tena kwenye mstari wake.

Viwango navyo hubadilika. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa sekta binafsi ulikuwa asilimia 1, ukashushwa kuwa 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka 2022. Uingereza mchango wa mwajiri katika mfuko mkubwa wa pensheni wa vyuo ulishuka kutoka asilimia 21.6 hadi 14.5 Januari 2024, kisha Aprili 2025 mchango wa mwajiri katika bima ya taifa ukapanda kutoka 13.8 hadi 15. Andiko la miaka mitatu liandike "kiwango kitakachokuwa kikitumika", mfadhili akikubali maneno hayo, na wengi huyakubali.

Nimalizie na wale watafiti wasaidizi wangu wawili, kwa sababu habari yao haikuishia kwenye michango. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na ajira ikikoma kabla hajaitumia likizo aliyokwisha kuivuna, hulipwa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Moja kwa 13 ni karibu asilimia 7.7. Kwa anayekwenda likizo gharama hiyo imo ndani ya mishahara yake 12. Kwa asiyekwenda, inasubiri mlangoni. Mmoja wa vijana wale hakwenda likizo mwaka wa mwisho, kwa kuwa mtafiti mkuu alitaka takwimu za visima zikamilike. Mradi ulifungwa tarehe 30 Juni na salio likarudishwa kwa mfadhili. Tarehe 9 Julai kijana akaja ofisini na barua ya madai, imeandikwa vizuri, karibu mshahara wa mwezi mzima. Nikamwambia akae. Nikafungua bajeti mpya ya mwaka, nikapitia kasma moja baada ya nyingine, na nikasimama tena kwenye ukarabati wa mabweni.