Kadi ya bima haishushi presha

Asalaam aleikum, habari za jioni. Maiki inasikika huko nyuma? Haya.

Nimeingia getini kijana mmoja kanidaka, ananiuliza dokta, hivi wote tukipewa bima kweli tutakuwa na afya nzuri au ni maneno tu? Nikamwambia kakae, nitakujibu ndani. Sasa namjibu, ila jibu lenyewe linaanzia mbali, Marekani, jimbo la Oregon, mwaka 2008.

Wale wana Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Wakapata hela ya kuongeza watu kama 10,000 tu, waliojiandikisha wakafika karibu 90,000. Unafanyaje hapo? Wakapiga bahati nasibu, yaani jina lako limetoka, la jirani halijatoka, hakuna kujuana wala mjomba ofisini. Kwa watafiti hiyo ilikuwa sikukuu, maana siku zote ukilinganisha mwenye bima na asiye nayo unakuta mwenye bima ana kazi, ana mshahara, anakula vizuri, sasa utajuaje kama afya yake imetoka kwenye bima au kwenye mshahara? Hapa waliopata na waliokosa ni watu wale wale, kilichowatenga ni bahati.

Baada ya kama miaka miwili watafiti Katherine Baicker, Amy Finkelstein na wenzao wakawapima watu zaidi ya 12,000, presha, sukari, kolesteroli, wakawatoboa vidole kuchukua damu. Majibu yakatoka 2013. Presha, hakuna tofauti ya maana. Kolesteroli hakuna. Sukari hakuna, japo waliopata bima waligundulika zaidi na kisukari na wakaanzishiwa dawa zaidi. Wasioipenda bima wakashangilia weee, si tulisema, hela inamwagwa!

Subirini kwanza. Utafiti huo huo ulikuta sonona imepungua kwa kama asilimia 30, na zile gharama za matibabu zinazomla mtu kipato mpaka anafilisika karibu zimekwisha kabisa. Mtu halali usiku anawaza bili, ukimtoa kwenye bili analala. Mimi hilo silioni dogo, sijui nani alitufundisha kwamba afya ni kuanzia shingoni kwenda chini.

Halafu wengi wa waliopimwa presha yao ilikuwa ya kawaida, na huwezi kumshushia presha mtu asiye nayo. Ndio maana napenda ile habari ya barua. 2017 mamlaka ya kodi ya Marekani ilikuwa inawaandikia waliotozwa faini kwa kukosa bima, kuwaambia jamani kateni bima. Familia milioni 4.5, hela ya kutuma barua haikutosha, wakapelekewa milioni 3.9, waliobaki wakakosa kwa kura. Barua tu, karatasi, na wengine wakakata bima! Kwa wenye umri wa miaka 45 mpaka 64 ikaonekana kila watu 1,648 walioandikiwa, kifo kimoja kilipungua ndani ya miaka miwili. Kumbe bima inaokoa, ila ukiitafuta faida yake kwa watu elfu chache inakuponyoka, na inaonekana zaidi kwa watu wazima walioanza kuumwaumwa. Hata ule utafiti wao wa zamani wa RAND, shirika la utafiti la huko huko Marekani, uliofungwa 1982, matibabu ya bure hayakumbadilisha sana mtu wa kawaida, aliyefaidi ni maskini mwenye presha.

Sasa turudi Afrika. Ghana, wilaya ya Dangme West, kuna familia zilitibiwa watoto bure na nyingine zikalipa kama kawaida, nayo ikachaguliwa kwa kura. Watoto wa bure wakapelekwa zahanati zaidi, wakapunguza kujitibu mitaani, lakini walipopimwa damu, upungufu ulikuwa sawa na wa wenzao. Mlango umefunguliwa, watu wameingia, damu haijapanda.

Kwa nini? Mimi nina jibu langu, nimelipata kwa baba yangu mzee. Presha yake 170 kwa 100, kadi anayo, kaiweka kwenye mfuko wa nailoni isilowane. Alfajiri anapanga foleni, anapimwa, anaandikiwa, fomu inasainiwa, kila kitu safi, anafika dirisha la dawa anaambiwa hii hatuna mzee, kanunue nje. Nje hana hela. Nilikuja kugundua anakata karatasi ya vidonge kwa mkasi, anameza kimoja leo, kesho anaruka, ili kifike mwisho wa mwezi. Nikamuuliza baba vipi? Akasema si mnasema nina bima. Kwenye takwimu yule ni mwenye bima kabisa, anahesabiwa!

Ila mama mdogo, dada yake mama, alifanyiwa upasuaji wa kizazi na kadi ikalipa yote. Hatukufungua grupu la WhatsApp la michango, hakuna aliyeuza shamba, hakuna shangazi aliyenuna kwamba fulani katoa elfu tano. Wanaoijua hiyo michango wanacheka hapo, nawaona.

Kwa hiyo kijana wa getini, uko wapi? Sawa. Sisi Tanzania tuna sheria ya bima ya afya kwa wote tangu 2023, na mimi naiunga mkono, kwanza kwa ajili ya mama mdogo. Ya baba ni kazi nyingine, hiyo inataka vidonge vya presha viwepo dirishani kila mwezi na mtu wa kumpigia simu asipotokea kliniki. Kwa hiyo wakija kututangazia wangapi wamepata kadi, mimi nitawauliza wangapi waliondoka dirishani na dawa zote walizoandikiwa.

Haya, mpeni maiki yule mama wa kitenge cha kijani, kanyoosha mkono tangu Oregon.