Mjueni Akiwa Mzima

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazazi mlioketi safu za nyuma ingawa nimewaomba mara mbili msogee mbele, asanteni kwa kunialika tena. Ratiba inasema nizungumzie selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopindisha chembe nyekundu za damu, kuanzia kwenye jeni hadi namna ya kumtathmini mgonjwa. Habari za jeni wanafunzi mnazo vitabuni, kwa hiyo sianzii huko. Naanzia pale ninapoanzia kila mwaka, na walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana nilichokiomba mwaka jana bado hakijafanyika.

Nataka kila mgonjwa wa selimundu awe na namba za siku njema. Yaani vipimo vilivyochukuliwa akiwa hana homa, hana maumivu, hajaongezewa damu kwa miezi mitatu, anacheza na wenzake kama kawaida. Wingi wa damu siku hiyo, yaani himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Oksijeni siku hiyo. Idadi ya chembe changa nyekundu. Ukubwa wa wengu. Ziandikwe, na yeye au mzazi wake atembee nazo. Kama hazipo, kipimo mtakachomchukua siku ya shida hamtakuwa na cha kukilinganisha nacho.

Nilikuwa zamu ya usiku, miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja. Akafika mama amembeba binti wa miaka minne. Mtoto halii. Hana homa. Ukimuuliza wapi panauma, anatikisa kichwa. Amelegea tu, viganja vimepauka. Pale mapokezi wakampima damu, ikatoka gramu 5.1 kwa desilita. Angekuwa mtoto mwingine, namba hiyo ingewatoa watu mbio. Lakini kwenye faili lake palikuwa pameandikwa SELIMUNDU kwa herufi kubwa, na muuguzi wa mapokezi, mtu mwema na mchapakazi, akasema maneno niliyoyasikia karibu kila mahali nilikofanya kazi: "Watoto hawa damu yao huwa chini, mama. Kaa kwenye foleni, daktari anakuja."

Mama hakukaa. Akatoa daftari dogo la shule, akalifungua juu ya meza. "Sista, huyu damu yake ni saba nukta nne. Nimeandika hapa, na hapa, na hapa. Na wengu jana jioni ulikuwa vidole viwili. Sasa hivi ni vitano."

Muuguzi hakuelewa anaambiwa nini. Mimi nilikuwa napita kuelekea wodini, nikasikia neno "vidole", nikasimama.

Mama yule alikuwa amefundishwa na muuguzi wa kliniki, kwa dakika kumi hivi, siku moja mtoto akiwa mzima. Mtoto alale chali, magoti yakunjwe ili tumbo lilegee. Uanze kupapasa chini ya tumbo, upande wa kushoto, ukipanda polepole kuelekea mbavuni, mpaka ncha ya wengu iguse vidole vyako. Kisha upime: kutoka mbavuni hadi kwenye ncha ile, vidole vingapi? Uandike. Alikuwa akifanya hivyo kila jioni baada ya kumwogesha. Hakuwa na mashine wala umeme, na hakumsubiri daktari.

Kilichompata mtoto yule ni hiki: chembe zilizopinda zilinasa ndani ya wengu, damu ikawa inaingia na haitoki. Mtoto wa namna hiyo anapungukiwa damu kwa kasi ya mtu aliyekatwa mshipa, na hakuna tone linaloonekana popote. Anaweza kufa katika saa chache. Sasa sikilizeni vitabu vinavyoitambua hali hiyo: damu imeshuka kwa gramu 2 au zaidi kutoka kiwango cha kawaida cha mgonjwa, na wengu umekua kuliko kawaida yake. Kawaida ya nani? Yake! Utambuzi wote umesimama juu ya namba ya siku njema. Usipokuwa nayo, una mtoto mwenye 5.1 na wengu unaopapasika, na wapo watoto wa selimundu ambao hali hiyo kwao si mbali na siku zao za kawaida.

Tulimwongezea damu kidogo kidogo. Hiyo nayo ina sababu yake: wengu ukilegea huachia damu iliyonaswa, na kama ulishamjaza, damu inazidi kiasi na kuwa nzito. Kulipopambazuka alikuwa ameketi kitandani. Hali hii hurudi kwa karibu nusu ya watoto wanaoipata, na kwake ilirudi. Mara ya pili mama aliiwahi ikiwa vidole vitatu.

Najua wapo watakaosema kisa kimoja hakithibitishi jambo. Basi nendeni Jamaika. Kule Kingston, kuanzia mwaka 1973, watoto waliozaliwa na selimundu waliandikishwa tangu kuzaliwa na kufuatiliwa miaka na miaka; daktari Graham Serjeant ndiye jina mtakalokutana nalo. Wazazi walifundishwa kupapasa wengu kama mama yule. Vifo vya watoto kutokana na damu kunasa kwenye wengu vikapungua sana. Hakuna dawa mpya iliyoleta matokeo hayo, ni vidole vya wazazi.

Kosa la pili huzaliwa na ujinga ule ule, ila lenyewe linakwenda upande mwingine. Kijana wa miaka kumi na tisa analetwa na maumivu ya nyonga. Damu yake ni 6.8. Fomu ya maabara imeiwekea alama nyekundu, na zamu nzima inaiangalia ile alama. Anatundikiwa damu, chupa ya kwanza, chupa ya pili, nyingine. Kesho yake kichwa kinamgonga na maumivu yamezidi. Kumbe 6.8 ndiyo damu yake ya siku zote, anayoishi nayo, aliyofanyia mitihani ya shule. Mmeipandisha kupita 10 huku nyingi ya hiyo bado ni ya kwake yenye himoglobini S, ile ya selimundu, na damu ya hivyo inapita kwa shida kwenye mishipa midogo. Mmempa mzigo wa madini ya chuma, mmemweka katika hatari ya kutengeneza kingamwili zitakazofanya damu inayomfaa iwe ngumu kupatikana siku atakapoihitaji kweli. Na nyonga yake hakuna aliyeigusa.

Mtoto aliyehitaji damu aliambiwa asubiri, kijana asiyeihitaji akapewa, na waliofanya hivyo wote wanaujua ugonjwa kwa jina.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi msiisome habari ya jeni kwa ajili ya mtihani. Kuna badiliko moja tu kwenye jeni ya beta globini, sehemu ya himoglobini, katika kromosomu ya 11: nafasi ya sita kwenye mnyororo wa protini ilipaswa kukaa asidi ya glutamiki, imekaa valini. Vernon Ingram alionyesha mwaka 1957 kwamba valini imechukua nafasi ya asidi ya glutamiki, miaka 47 baada ya James Herrick wa Chicago kuchapisha taarifa ya chembe zenye umbo la mundu. Badiliko hilo dogo linafanya himoglobini ikishaachia oksijeni ishikamane minyororo mirefu, chembe ipinde, ikakamae, ivunjike. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120. Hii huishi 10 hadi 20. Basi uboho unatengeneza chembe mpya mchana na usiku, ndiyo maana chembe changa ni nyingi. Mabaki ya zilizovunjika ndiyo hayo macho ya njano. Na himoglobini S huachia oksijeni kwa urahisi kuliko ya kawaida, ndiyo sababu mojawapo mtu anatembea na damu 7 na anafanya kazi zake. Ukilielewa hilo, alama nyekundu ya maabara haikutishi, na macho ya njano hayakupeleki kwenye ini bila sababu. Ukikuta damu imeshuka, wengu haujakua, na chembe changa zimetoweka, unajua uboho umesimama, na mara nyingi ni kirusi kiitwacho parvovirus B19. Usipozihesabu chembe changa hutakiona kitu hicho.

Naambiwa: "Daktari, kliniki ina watu themanini, nani ataandika?" Ni mstari mmoja. Tarehe, damu, oksijeni, chembe changa, vidole vya wengu. Mnaandika marefu zaidi ya hayo mkiomba likizo. Naambiwa tena: "Wazazi watapoteza daftari." Sijaona watu wanaotunza karatasi kama wazazi wa watoto hawa. Mafaili yanayopotea ni yetu.

Sasa maumivu, na hapa naomba radhi kama sauti itapanda. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha maumivu ya selimundu. Damu inaweza kuwa ile ile ya siku njema, eksirei safi, presha nzuri, na mtu bado yuko kwenye maumivu ambayo wewe hujawahi kuyapata. Amekuwa nayo tangu vidole vyake vya mikono na miguu vilipovimba, pengine kabla hajatimiza mwaka. Kwa hiyo amejifunza kukaa kimya nayo, kuzungumza kwenye simu nayo. Halafu mtu wa zamu anamwona anazungumza kwenye simu, anaandika kwenye faili: "anaigiza, anataka dawa." Nimeyasoma maneno hayo kwa macho yangu! Mtu amekuja saa nane za usiku kuomba msaada, na tumemwandikia hivyo.

Muulize swali moja: maumivu haya ni yale unayoyajua, au ni mageni? Akisema ni yale, mpe dawa ya kutosha, mapema, ukipanda ngazi mpaka atulie. Akisema ni mageni, acha kila kitu utafute. Na kifua kisikilizwe kila siku, hata kama aliingia kwa maumivu ya mguu, kwa sababu shida kali ya kifua mara nyingi huja siku ya pili au ya tatu akiwa wodini mwetu, tumeshamzoea. Oksijeni 93 ni nzuri au mbaya? Kama siku njema ni 93, tulia. Kama ni 98, umechelewa.

Homa. Nyuzi 38.5 na kuendelea ni dharura; apewe antibiotiki kwanza, maswali baadaye. Wengu wa watoto hawa hufa kazi mapema, na bakteria ya nimokoko huwaua kwa siku moja. Penisilini ya kila siku tangu uchanga ilipunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84 katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1986. Lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilishaonekana. Ni kidonge cha zamani, kila mtu anakijua, na bado nakutana na watoto wasiokitumia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi ubongo kwa haraka: mtoto wa miaka miwili hadi kumi na sita apimwe kasi ya damu kichwani kwa altrasaundi kila mwaka, ikifika sentimita 200 kwa sekunde, kuongezewa damu kwa mpangilio kunazuia viharusi vingi vya kwanza, tunalijua hilo tangu 1998. Figo, macho, nyonga, yote yana ratiba yake, yasomeni.

Wazazi, siwezi kushuka hapa bila kugusa lawama. Kama ninyi wawili ni AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya kawaida na moja ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa robo ya kupata mtoto SS, mwenye jeni zote mbili za selimundu. Kila mimba, hata kama wa kwanza alikuwa mgonjwa. Jeni moja imetoka kwa baba, moja kwa mama. Baba anayesema "kwetu hakuna ugonjwa huu" asikilize: AS haumwi, ndiyo maana kwao haujaonekana. Nimewaona akina mama wakirudishwa kwao kwa ajili ya sentensi hiyo. Na kipimo cha haraka cha chembe kupinda hakitofautishi AS na SS. Dai elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, na isifanywe mara tu baada ya mtoto kuongezewa damu, kwa sababu mtakuwa mnaipima damu ya mtu aliyejitolea.

Niliombwa pia nizungumzie tiba ya jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Ni jambo kubwa na ninalifurahia, ila dakika zangu zimekwisha. Kilichopo mkononi ni haidroksiurea, dawa ya kumeza, na watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda walitumia dawa hiyo katika utafiti uliochapishwa 2019, maumivu, maambukizi na vifo vikapungua. Mkiianza, kumbukeni damu hupanda, kwa hiyo namba ya siku njema ibadilishwe. Ile ya zamani itawadanganya.

Hapo mezani nimeweka nakala za kurasa chache za lile daftari, jina limefunikwa, kwa ruhusa ya wenyewe. Pitieni mkitoka. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wa mama. Ya mwisho ni penseli, herufi kubwa kubwa. Binti alikuwa ametimiza miaka kumi na ameanza kujiandikia mwenyewe. Damu 8.9. Oksijeni 97. Wengu hausikiki tena. Sina maumivu.