Simba wa Kwetu, Ukutani Wyoming

Ndugu zangu, nianze kwa kukiri jambo. Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Simba niliyetazamana naye muda mrefu kuliko wote sikumkuta Serengeti. Nilimkuta Marekani, mji wa Jackson, jimbo la Wyoming, na alikuwa wa rangi ya mafuta. Chekeni tu.

Aliko simba huyo ni Jumba la Taifa la Makumbusho ya Sanaa ya Wanyamapori. Lilianza 1987 katikati ya mji, likahamia kilimani 1994. Kuta zake ni za mawe yasiyochongwa vizuri, makusudi, hata ukipita barabarani waweza kudhani ni sehemu ya mwamba. Ndani kuna kazi zaidi ya 5,000. Mbele yake, ng'ambo ya barabara, kuna bonde lililotengwa tangu 1912 kwa ajili ya elki, mnyama anayefanana na kulungu, mkubwa anamkaribia ng'ombe, pembe zake zina matawi. Majira ya baridi hushuka hapo kwa maelfu. Unaacha picha, unasogea dirishani, unamkuta mwenyewe yuko nje anatafuna. Mchoraji aliyekosea goti la mnyama hana pa kujificha.

Nanyi kwa kuwa ni wachoraji, niwaambie walivyofanya kazi. Carl Rungius, Mjerumani aliyehamia Marekani miaka ya 1890, ana kazi nyingi sana pale. Alikuwa mwindaji. Akishamuua mnyama humfunga kamba, anamwinua asimame kama aliye hai, ndipo anashika brashi, haraka, kabla mzoga haujaharibika. Nilipokumbuka hilo nilirudi kuzitazama zile shingo zilizonyooka. Nikajikuta natafuta kamba.

Sasa simba wangu. Ni wa Wilhelm Kuhnert, Mjerumani mwingine, aliyekuja huku kwetu mara ya kwanza 1891, nchi ikiwa koloni lao. Nyasi zake ni za kiangazi hasa, ile manjano iliyochoka. Ukisogea karibu unaona ni mikwaruzo tu ya brashi, ukirudi nyuma hatua tatu upepo unavuma. Anajua kuchora, hilo simnyimi. Lakini nilitafuta mtu. Hakuna hata nyayo. Safari za enzi zile zilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi: mahema, chakula, na bila shaka hayo masanduku ya rangi. Nao watu aliwaona vizuri sana, maana ni Kuhnert huyuhuyu aliyechora mapigano ya Mahenge ya Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji wakiikabili boma ya Wajerumani. Kwenye picha ya vita tupo. Kwenye picha ya pori tumefutwa, pori likabaki la simba na la mtazamaji.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru, kusini hukohuko kulikopiganwa Maji Maji, akapitia mashamba ya mkonge Tanga, akaishia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora juu ya hadibodi kwa rangi ya baiskeli. Chui wake hana nyasi wala upepo. Yuko peke yake katikati ya ubao, madoadoa kama kitenge, jicho limekukazia wewe. Wapo wanaosema hakujua anatomia. Mimi nasema hakuwa na haja ya kamba.

Kabla sijatoka, mlinzi wa ukumbi, mzee mpole, aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akafurahi, akamnyooshea simba kidole: "Basi huyu umemzoea!"

Nikamjibu ndiyo. Ningemwambiaje kwamba nyumbani ninachokifahamu ni paka wa Shimoni, kule chini ya soko la Kariakoo?