Jibu la kwanza ni la mgeni: mhadhara kwa wanafunzi wanaokwenda uwandani

Habari za asubuhi. Nashukuru mmefika wengi, na naona wenzetu wa sosholojia nao wamo. Karibuni.

Mwezi ujao mnakwenda uwandani, na wengi wenu mtakuwa mnamhoji mtu kwa mara ya kwanza maishani. Mada iliyochaguliwa na wengi ni Operesheni Vijiji, yaani ule mpango wa serikali wa kuwahamishia wakulima wa Tanzania vijijini miaka ya 1970. Nimefurahi sana, kwa sababu muda unatukimbia. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya habari za Vita vya Majimaji kwa wazee walioviona. Fanyeni hesabu: aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza mwaka 1905, wakati huo alikuwa na miaka 73. Wangechelewa miaka kumi na mitano tu, wengi wa wazee wale wangekuwa makaburini, na sisi tungebaki na maandishi ya maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Wale walikuwa vijana wa shahada ya kwanza, kama ninyi.

Zamu hii ni yenu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mkulima awe amehamia. Kijana wa miaka 15 aliyehamishwa mwaka 1974 leo amevuka 65. Yupo na anakumbuka.

Sasa, jambo ninalotaka mwende nalo: jibu la kwanza mtakalopewa ni jibu la mgeni. Mzee wa kwetu hamwachi mgeni aondoke mikono mitupu, wala hapendi kumtia mgeni katika shida. Ukimuuliza, "Je, Operesheni Vijiji ilikuwa na manufaa?" atakwambia, "Ilikuwa nzuri, mwanangu, tulipata shule na zahanati." Hajasema uongo. Shule zilijengwa kweli. Lakini amekujibu wewe uliyetoka chuoni na barua yenye muhuri; yaliyompata yeye hajaanza kuyaeleza. Mwanafunzi mgeni wa kazi hii huandika jibu hilo, hushukuru, huenda swali la pili. Hapo kazi imekufa, ingawa karatasi imejaa.

Tuitazame hiyo barua yenyewe. Mtapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mtakwenda wilayani, mtashuka kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji. Utaratibu huo ni wa lazima, msiukwepe. Ila utazameni kutoka pale alipokaa mzee. Waliomwambia ahame walikuja kwa njia hiyo hiyo: mkoani, wilayani, mpaka mlangoni kwake. Leo mtendaji anakupeleka nyumbani kwa mzee huyo, anavuta kiti, anakaa. Wewe unafungua daftari na kuuliza serikali iliwatendea nini. Unategemea aseme nini?

Mwombeni mtendaji, kwa heshima zote, awatambulishe kisha awaache na mzee. Wengi huelewa wakielezwa vizuri. Akibaki, siku hiyo zungumzeni mvua, mazao na ukoo, kisha ombeni kurudi. Na andikeni kwenye daftari nani alikuwepo, alikaa wapi, mzee alinyamaza wakati gani. Hiyo nayo ni data.

Nije kwenye maswali. Nimepitia miongozo yenu. Baadhi ina maswali arobaini. Hilo ni dodoso, si mahojiano. Bakizeni manane au kumi, na yale ya maoni yawekeni mwisho. Anzeni na siku yenyewe: "Siku mliyohama, mlitangulia kubeba nini?" Mzee atanyamaza. Mwacheni. Msimsaidie kwa kumtajia majibu, maana atachagua mojawapo ili kuwaridhisha. Baada ya kimya hicho huenda akataja mtama uliobaki ghalani, ng'ombe waliotangulizwa na watoto, mlango wa nyumba.

Akitaja mlango, fuata mlango. Swali linalofuata halimo kwenye karatasi yako: "Nani aliung'oa?" Kuna familia zilizong'oa mlango wao wenyewe zikaubeba ili zikajengee kule. Kuna nyingine ambazo milango iling'olewa na wasimamizi wa operesheni ili wenyewe wasirudi. Hizo ni historia mbili tofauti kabisa, na kinachozitenganisha ni swali la maneno mawili ambalo hukuweza kuliandaa ukiwa bwenini.

Kuhusu ridhaa. Kuna mzee atakayekubali kuzungumza lakini akatae kutia saini au dole gumba. Msimwone mkaidi, huenda amewahi kusikia watu waliopoteza shamba kwa karatasi. Mwulizeni kwa mdomo, arekodiwe akikubali. Mwambieni anaweza kuacha wakati wowote na kuruka swali lolote, na jina lake mtalificha. Akiuliza, "Hii itatusaidia nini?" mwambieni kweli: wewe ni mwanafunzi, unaandika tasnifu, hakuna fidia itakayotokana nayo. Asije akazungumza kwa kutarajia shamba lake la zamani.

Mkalimani mkubalianeni mapema. Mzee akisema Kigogo dakika tatu, mjukuu akakwambia, "Anasema walihamishwa," mrudishe taratibu, sentensi kwa sentensi. Simu ya kurekodia iwekeni katika hali ya ndege na mjaribu sauti kwanza; upepo na kuku hufunika maneno. Jioni hiyo hiyo anzeni kunukuu, kwa sababu saa moja ya sauti hula saa nne au zaidi.

La mwisho kwa leo. Mara nyingi mzee huanza kusema ya moyoni ukishazima kinasa sauti na kuaga, yeye akikusindikiza. Usikimbilie kuwasha tena. Sikiliza mpaka amalize, kisha mwambie wazi: "Babu, haya uliyoniambia sasa hivi, naruhusiwa kuyaandika?" Akisema hapana, hayaingii kwenye tasnifu, hata kama ndiyo bora kuliko yote uliyopata.

Haya, tuanze na maswali yenu. Dada pale nyuma, karibu.