Mzee wa Mombasa na Ziwa la Fort Portal

SALIM: Karibuni. Mimi ni Salim, niko Kampala na Adyeri, na mvua imetuwahi. Mkisikia mabati yanapiga kelele, vumilieni. Adyeri, habari ya leo?

ADYERI: Njema, kaka. Nimelowa, lakini njema.

SALIM: Tuna ujumbe wa sauti kutoka Mombasa. Mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, alialikwa arusi Fort Portal, huku magharibi mwa Uganda, akakaa siku nne, akapelekwa kuona maziwa yale ya kreta, yaliyojaa kwenye mashimo ya volkano za kale, sasa hapatikani kwa lingine. Anataka nyumba ya uzeeni huko huko. Anauliza: "Mimi ni mtu wa Afrika Mashariki, si naweza kununua kama mwenyeji?"

ADYERI: Siku nne! Huyo alikuja Januari, naweka dau. Jua, hakuna tope, asubuhi unaiona Rwenzori na theluji yake kama picha ya ukutani. Arudi Oktoba.

SALIM: Oktoba tutaifikia. Mjibu kwanza.

ADYERI: Hawezi. Kitambulisho cha Kenya kinamvusha Malaba bila pasipoti tangu 2014, hilo ni kweli, lakini kuvuka mpaka ni kitu kimoja na shamba ni kingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ya 2010 iliiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Sheria yetu ya Ardhi ya 1998 inasema asiye raia hamiliki ardhi ya kudumu, iwe frihodi au mailo. Anapata lizi, yaani kukodi kwa muda, isizidi miaka 99.

SALIM: Asituone wachoyo. Katiba yao ya 2010 inampa mgeni miaka 99 hiyo hiyo.

ADYERI: Na mzee wa miaka 60 na kitu, 99 inamtosha na chenji inabaki kwa wajukuu. Shida ni kwamba wengi hawauziwi 99. Wanauziwa mabaki. Mtu alipewa lizi ya miaka 49 zamani, imebaki 17, anakuonyesha ziwa badala ya kukuonyesha tarehe. Nyingine huanza na miaka mitano tu, kwa sharti ujenge, ndipo uombe kuongezewa. Soma tarehe kabla ya kupiga selfi.

SALIM: Halafu kuna ile njia ya mkato. "Andika jina la rafiki yako Mganda." Hapa nina kidonda changu. Mjomba wangu wa Kisumu alinunua ploti ufukweni, upande wa Entebbe. Taito, hati ya kumiliki, ikatoka kwa jina la rafiki yake, mtu mwema kabisa, walikuwa wanakula sahani moja. Mjomba akajenga vyumba vitatu na baraza inayotazama maji. Mwaka 2020 ziwa likapanda. Mwezi wa Mei kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita hata rekodi ya 1964. Nilikwenda kumtazama nimevaa gambuti. Viti vilikuwa juu ya meza, godoro juu ya kabati, na kwenye kona ya televisheni kambale mdogo anajigeuza, anatafuta njia ya kutoka. Mjomba amesimama mlangoni na ufagio. Ufagio, Adyeri! Anafagia Victoria.

ADYERI: Pole, lakini nacheka.

SALIM: Cheka, hata yeye siku hizi anacheka. Kumbe pale hapakuwa pa kujenga tangu mwanzo. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria. Yeye alikuwa amejenga mita 30 hivi, kwa sababu dalali alimwambia majirani wote wamejenga. Maji yakarudi, nyumba ikakauka. Mwaka uliofuata rafiki akafariki. Mjane hana ubaya na mtu, ila watoto walimwuliza mjomba swali moja tu: jina lako liko wapi kwenye hii karatasi?

ADYERI: Na mahakamani angesema nini? Kwamba walikubaliana kuizunguka sheria?

SALIM: Ndiyo maana hakwenda.

ADYERI: Kampuni nayo isimdanganye mtu. Ikiwa hisa nyingi ni za wageni, mbele ya sheria ya ardhi hiyo kampuni ni mgeni pia. Lakini turudi Fort Portal, kwetu Tooro, maana Buganda ya huku Kampala na Tooro si shamba moja. Buganda kuna mailo, iliyotoka kwenye mkataba wa 1900, ardhi ikagawanywa kwa maili za mraba, jina likabaki hilo. Juu ya mailo ya mtu kuna mwenye kibanja, yaani anayekaa na kulima kipande chake hapo, anayelipa busuulu, kodi ya ardhi, na huwezi kumfukuza kama kuku. Ukinunua bila kumjua umenunua kesi. Kwetu Tooro utakutana zaidi na ardhi ya kimila. Wakati mwingine hakuna taito kabisa, kuna makubaliano ya mkono yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na ukoo mzima nyuma yake.

SALIM: Na mke.

ADYERI: Mke ndiye wa kwanza! Ardhi ambayo familia inaishi na kula haiuzwi bila mwenzi kukubali. Niliwahi kumsindikiza mnunuzi, tena Mkenya mwenzake huyu mzee. Muuzaji baba wa heshima, chai imepikwa, karanga mezani. Mkewe yuko kwenye migomba anapalilia, hatua 10 kutoka tulipoketi. Nikamwamkia kwa Rutooro. Akaitikia vizuri, akaniuliza empaako yangu, jina letu la heshima, kisha akainama akaendelea na jembe. Kiti chake kilikuwa tupu. Nikamwambia yule bwana, maliza chai twende garini.

SALIM: Hakusema neno?

ADYERI: Neno gani zaidi? Sisi ndivyo tunavyokataa.

SALIM: Bei je? Mzee ameuliza bei.

ADYERI: Ya dalali inatazama viatu vyako. Apate wakili wake mwenyewe, si wa muuzaji, aende ofisi ya ardhi pale Kabarole kufanya sachi, yaani kukagua rekodi za shamba, apime upya mipaka na majirani wakiwa wamesimama hapo hapo. Jirani anajua mti gani uling'olewa usiku.

SALIM: Kingine ambacho madalali hawakitaji?

ADYERI: Matetemeko. Tuko kwenye Bonde la Ufa. La 1966 liliua watu wengi, na la 1994 bibi yangu alilisimulia mpaka anakufa. Alikuwa anamenya viazi, sufuria ikatembea. Ukiona nyumba nzuri juu ya kreta, uliza nondo na msingi, usiulize rangi. Kingine ni hospitali. Mjini kuna ya rufaa, Buhinga, lakini kutoka ziwani usiku, barabara ya murram, mvua hii unayoisikia, pima kwa saa, usipime kwa kilomita. Moyo wa mtu wa miaka 65 hausubiri boda.

SALIM: Unamkatisha tamaa mzee.

ADYERI: Hapana! Nataka aje. Atapewa empaako kabla hajapata funguo, atakula firinda, maharage yetu ya kumenya, mpaka asahau samaki wa kupaka. Ila apangishe kwanza, nyumba ya kawaida mjini, mwezi mmoja wa mvua. Bado akiamka anataka kubaki, atafute lizi.

SALIM: Oktoba, basi. Mzee, umesikia. Aje na nini?

ADYERI: Koti.

SALIM: Mtu wa Mombasa, Adyeri. Koti hana.

ADYERI: Basi aje na blanketi, koti atanunua Mpanga sokoni. Na asimwambie muuzaji anatoka bandarini.