Padri Martin na shimo la Wood Quay

Naona wengine mnatabasamu, mnajua ninakoelekea. Kila nikiulizwa mwanahistoria ana kazi gani nje ya nyaraka zake, namtaja F. X. Martin, padri mtawa wa Kiaugustino, profesa wa historia ya Zama za Kati pale University College Dublin, Ireland. Mtamsikia tena leo, vumilieni.

Miaka ya 1970 Halmashauri ya Jiji la Dublin ilitaka kujenga ofisi zake Wood Quay, kando ya mto Liffey. Wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa wakakuta chini yake mji wa Waviking, mabaharia wa kale kutoka Skandinavia: nyumba za kuta za fito zilizosukwa, mbao, ngozi, vitu vya miaka elfu moja vilivyosalimika kwa kuwa udongo ule ulilowa na hewa haikupenya. Martin angeandika makala yake akarudi kusali. Akaenda mahakamani. Juni 1978 Mahakama Kuu ikatamka kwamba pale ni kumbukumbu ya taifa, yaani mahali pa kale panapolindwa kisheria.

Mnadhani yakaisha? Thubutu! Sheria hiyohiyo iliruhusu kumbukumbu ya taifa ibomolewe, mradi Halmashauri na idara ya serikali inayozilinda zikubaliane. Yaani mvunjaji na mlinzi wakae meza moja watie saini. Wakatia! Maandamano ya watu wapatao 20,000, Septemba 1978, nayo hayakulinusuru shimo. Juni 1979 Martin na wenzake wakaingia humo ndani wakakaa, pamoja na wanasiasa na waandishi.

Najua kuna mtu hapa ameshashika kalamu aniandikie: “Lakini alishindwa, ofisi zilijengwa.” Zilijengwa, bwana, na zipo. Ila kila mwezi uliopotea kwenye kesi, wachimbaji waliupata wao. Walichimba hadi 1981. Bila ile “fujo” ya padri, sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Dublin ya Waviking ingebebwa na malori.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na bado sijagusa hati za Eoin MacNeill, mkuu wa wanamgambo wa Ireland aliyejaribu kuuzuia uasi wa 1916 dhidi ya utawala wa Waingereza, kuhusu uasi huo. Martin alizichapisha mwaka 1961, na zilimweka matatani kila aliyezoea hadithi ya mashujaa tu. Hiyo peke yake ni mhadhara. Halafu mwaka 1966, yeye na mwanahistoria mwenzake T. W. Moody waliwapeleka wanahistoria kwenye televisheni wafundishe nchi nzima. Wenzetu wa vyuoni wanaoona aibu kwenda redioni, hilo litafakarini wenyewe.

Haya, ulizeni.