Pumu na tiba ya joto ya Kichina: hebu tuongelee moshi kwanza

Asanteni, kaeni jamani, viti vya nyuma bado vipo. Leo ni ile tiba ya Wachina ya kuchomewa majani mgongoni, mmeiona kwenye simu na wenye pumu mnaniuliza kila siku, kwa hiyo tuimalize hapa.

Inaitwa moksa. Wanachukua majani ya mmea wa jamii ya Artemisia, yanakaushwa, yanasagwa na kuchekechwa mpaka zinabaki nyuzi laini, wanazifunga kwenye karatasi inakuwa kama sigara nene. Wanawasha ncha, wanaishikilia juu ya ngozi, sentimita mbili tatu hivi, bila kugusa, mpaka ngozi iwe nyekundu na mgonjwa asikie joto linazama. Kwa pumu wanapenda sana mgongo wa juu, katikati ya mabega, pembeni ya uti wa mgongo. Wengine wanatanguliza kipande cha tangawizi chenye matundu, moksa inawaka juu yake.

Na kuna ya kiangazi, hii mimi naipenda kwa akili yake. Pumu yao inabana zaidi wakati wa baridi, sasa wao wanaitibu kwenye joto kali, kuanzia katikati ya Julai mpaka Agosti, siku zinazoitwa sanfu. Hapo hawachomi kitu, wanabandika dawa ya mbegu za haradali nyeupe na mizizi mingine iliyokandwa kwa maji ya tangawizi. Daktari Zhang Lu aliiandika tangu 1695, na mpaka leo hospitali za huko watu wanapanga foleni.

Inasaidia? Utafiti upo, mwingi wa China, na baadhi unaonyesha wagonjwa walipata nafuu, ila tafiti nyingi ni ndogo na mgonjwa anajua kabisa kwamba anachomewa, huwezi kumficha, na kujua tu kunaweza kumfanya ajisikie nafuu, kwa hiyo ushahidi bado ni dhaifu. Na msiniambie "mbona Artemisia ilimpa mwanasayansi wa China, Tu Youyou, tuzo ya Nobel 2015", ule ni mmea mwingine wa ukoo huohuo, na ilikuwa dawa ya malaria, sio pumu.

Sasa moshi. Pumu ni njia za hewa zilizovimba kwa ndani na misuli yake inabana haraka ikichokozwa, na moshi ni mchokozi mkubwa, mama anayepikia kuni analijua hilo bila mimi kumwambia, halafu unaenda kulala kifudifudi kwenye chumba kimefungwa madirisha, moksa inafuka juu yako! Ipo isiyo na moshi mwingi, uliza hiyo, na dirisha liwe wazi.

Inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, iwe mfukoni hata siku ya tiba, na ile ya kuzuia uvimbe unayopuliza kila siku usiiache hata wiki moja. Kifua kikianza kubana, mambo ya joto weka pembeni, puliza ile ya bluu, isipokaa sawa kimbia hospitali.

Mama wa kitenge cha njano kauliza kuhusu mtoto. Mama, haradali ikikaa sana inatoa malengelenge hata kwa mtu mzima, na baadhi ya hiyo mizizi, kama xixin, ina sumu inayoharibu figo. Mwanao wa miaka minne mimi nisingembandika.